Picha ya Pili ya Njia Ileile

Mtu anayeiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi na kuingia kwa miguu upande wa Kinjumbi, kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, ambako ardhi ya pwani huanza kupanda kuelekea milima ya Matumbi, ana picha moja ambayo karibu lazima aipige. Husimama katikati ya kijia, huinua simu usawa wa macho, na kukiacha kijia kianze kipana miguuni pake, kijipinde kati ya mikorosho, kisha kipotee mbali palipo na mwanga. Picha hiyo haina ubaya. Kila anayejifunza kupiga picha hufundishwa mapema kwamba mstari wa njia hulishika jicho la mtazamaji na kulipeleka ndani. Lakini tazama kilichopatikana. Ondoa mikorosho, weka misonobari, na picha ileile inaweza kuwa ya Lushoto au ya Ujerumani. Njia imetumika kulisindikiza jicho hadi kwenye upeo, nayo yenyewe haikutazamwa hata kidogo. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba njia ya miguu ni kazi inayoendelea, kazi ya nyayo, kwato, matairi na mvua, na kazi inayoendelea haishikiki kwa picha moja. Picha ya njia huanza kusema jambo inapopata mwenzake, yaani picha ya pili iliyopigwa palepale siku nyingine. Na hilo likikubalika, hata namna ya kupiga ile ya kwanza hubadilika.

Chukua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Mafundi walioinua kuba na nguzo zake walishamaliza kazi yao karne nyingi zilizopita. Picha ya leo na picha itakayopigwa miaka 10 ijayo zitatofautiana kwa nyufa, kwa mimea iliyoota ukutani, kwa ukarabati. Ni mambo mazito kwa wahifadhi, ila jengo ni lilelile. Njia haina siku ya kukamilika. Masika, kati ya Machi na Mei, nyasi hurefuka mpaka zikamfunika mtoto, na kijia kilichokosa wapitaji kwa wiki chache huzibwa kabisa. Mara mvua zinapokatika, ufuta unavunwa, na njia hiyohiyo iliyokuwa ya mtu mmoja nyuma ya mwingine inapitishwa magunia kwa baiskeli na pikipiki kwenda ghala la chama cha msingi. Kingo zake zinaliwa, kona zinakatwa, mashimo yanazungukwa. Ikifika Agosti au Septemba moto umekwishapita porini, na kijia kinabaki mstari mweupe katikati ya majivu meusi. Huu ndio wakati wa kustaajabisha zaidi, kwa sababu moto hufichua pia vijia visivyotajwa hadharani: vya wawindaji, vya wachoma mkaa, vya wapasua mbao. Kisha vuli inarudi na kuanza kufunika. Aliyepiga picha moja Julai na kuiandikia chini “njia ya Kinjumbi” amesema kweli, lakini kweli ya Julai.

Mfano mzuri kuliko yote wa nguvu ya picha ya pili haukutoka kwetu. Mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, Mwingereza Roger Fenton alisimamisha kamera yake mbele ya bonde kavu lililopitiwa na barabara ya vumbi, akapiga picha mbili pasipo kuihamisha. Katika moja, mipira ya chuma iliyofyatuliwa na mizinga imetapakaa juu ya barabara. Katika nyingine barabara ni tupu, na mipira iko kando, ndani ya mtaro. Iliyopata umaarufu ni ile yenye mipira barabarani. Ubishi uliofuata ulikuwa mrefu: ipi ilitangulia? Je, Fenton aliipanga mipira ili picha itishe zaidi, au askari waliiokota ili itumike tena? Mwaka 2007 Errol Morris, mtengenezaji filamu wa Marekani, aliishughulikia kesi hiyo kwa ukaidi wa mpelelezi, mpaka akasafiri hadi bondeni kwenyewe. Vivuli havikumpa jibu la uhakika. Lililomaliza ubishi lilikuwa dogo mno: vijiwe vya pembeni, ambavyo hakuna aliyewahi kuvijali, vilikuwa chini zaidi kwenye mteremko katika picha yenye mipira barabarani. Jiwe likipigwa teke na mtu anayepita huporomoka, halipandi. Kwa hiyo barabara tupu ilitangulia. Ile picha mashuhuri peke yake isingeweza kusema hivyo, hata ingetazamwa miaka 100. Na tunaloambiwa na vijiwe vile ni kwamba watu walipita hapo kati ya picha na picha, jambo ambalo ndilo hasa tunalolitaka kwenye picha ya njia.

Kwa hiyo kamera ishuke. Habari za njia ziko chini: upana wake, kingo zake, udongo wake, na mahali inapokutana na nyingine. Kijia cha waenda kwa miguu ni chembamba na huzunguka kila kizuizi, mti ulioanguka au kichuguu, na mzunguko huo hubaki hata baada ya mti kuoza, kwa kuwa hakuna mwenye haja ya kuunyoosha. Baiskeli hulainisha katikati. Pikipiki huchimba mfereji mwembamba unaogeuka kijito mvua ya kwanza inaponyesha, na hapo utaona waenda kwa miguu wameanzisha njia yao ya pili pembeni. Ng'ombe hawafuatani kwenye mstari mmoja. Wanaacha vijia kadhaa sambamba vinavyoachana na kukutana tena, na katika Kilwa alama hizo zina historia fupi, kwani makundi makubwa ya mifugo yalifika Mkoa wa Lindi hasa baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007. Tembo naye ana mapito yake, mapana, yaliyosawazishwa kwa uzito, na kwenye mwinuko huchagua mteremko kwa akili ambayo wajenzi wengi wa barabara wangeionea wivu. Mpita njia akiinamisha simu, akapiga kwa mwanga wa asubuhi unaotoka ubavuni, haya yote yanasomeka. Akipiga saa sita mchana yanafutika. Katika latitudo hii jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, na siku hizo hata unyayo uliodidimia kwenye tope hauna kivuli cha kuuonyesha.

Wembamba wa kijia wenyewe una sababu ya kihistoria, na picha za kale zinaithibitisha bila mpigaji wake kukusudia. Kusini mwa Tanzania mbung'o waliwazuia ng'ombe na punda wa kubeba mizigo, hivyo karne kwa karne mzigo ulikwenda kichwani au begani mwa mtu, na mtu mwenye mzigo hatembei bega kwa bega na mwenzake. Kilwa Kivinje ilitajirika katika karne ya 19 kwa pembe na watumwa waliofikishwa pwani namna hiyo, kwa mwendo wa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, karibu kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi, zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hadi bandarini na wapagazi. Picha za misafara yao zimehifadhiwa Berlin, kwenye jumba la makumbusho yalipo mifupa hiyo. Mtazamaji huambiwa atazame mifupa iliyofungwa kwenye miti. Mimi ningemwomba atazame miguu: mmoja nyuma ya mmoja, juu ya mstari wa udongo usiozidi upana wa nyayo mbili. Hapo kuna ushahidi wa uchumi mzima. Kinachokosekana ni picha ya pili. Hakuna anayeweza kusema, kwa kutazama picha ya msafara peke yake, kama njia ile ilikuwepo kabla ya machimbo, kama ilipanuka kwa miaka ile ya kazi, au kama nyasi ziliirudisha mikononi mwake Wajerumani walipoondoka.

Milima ya Matumbi ina deni lake la namna hiyo. Safari za watu waliokwenda Ngarambe kwa mganga Kinjikitile Ngwale kuchukua maji ya dawa, kabla ya miche ya pamba kung'olewa Nandete mwezi Julai 1905, mwanzo wa Vita vya Majimaji, na kabla ya yeye kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, tunazijua kwa midomo ya wazee waliosikilizwa na wanahistoria katika miaka ya 1960, Gilbert Gwassa akiwa mbele yao. Vijia ndivyo vilivyobeba habari. Mnong'ono ulikwenda kijiji hadi kijiji kwa kasi ambayo serikali ya Kijerumani, iliyotazama barabara zake, haikuiona. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, iliyowasogeza watu kandokando ya barabara na kuyaacha makazi ya zamani kuwa mahame. Wengi hudhani njia za mahame zilikufa. Baadhi zilikufa kweli. Nyingine zinaendelea kupitwa, kwa sababu miembe na minazi iliyoachwa bado inazaa, na makaburi hayahamishwi kwa amri ya serikali. Kijia kinachoelekea mwituni, mbali na kitongoji chochote cha leo, kikafika kwenye mwembe mkubwa, kinastahili kupigwa picha kwa uangalifu kuliko kijia kizuri chenye machweo. Mwembe huo utaonekana pia kwenye picha ya mjukuu.

Atasema mtu: satelaiti zinafanya kazi hiyo kila wiki, bila viatu kuchafuka. Pingamizi hili lina nguvu na halijibiwi kwa dharau. Picha za Landsat zilianza 1972. Kwa kufuatilia misitu iliyofyekwa, moto na mashamba mapya hakuna mpiga picha wa miguu atakayezishinda. Lakini katika picha za Sentinel-2, zinazopatikana bure, nukta moja hufunika mraba wenye upande wa mita 10. Za Landsat zinazotumika zaidi, mita 30. Kijia cha sentimita 40 kinamezwa humo, na kikipita chini ya miti kinapotea hata kwenye picha za kibiashara zenye ukali mkubwa. Satelaiti haitofautishi kwato na tairi. Ramani za serikali za mizani ya 1:50,000 huchora njia za miguu kwa vistari, na ni hazina, ila mchoro husema tu kwamba njia ilikuwepo siku picha za angani zilipopigwa. Haisemi nani aliipita. Yaliyo sawa ni kuvitumia pamoja: anga kwa eneo, miguu kwa alama. Anayesema kimoja kinatosha bado hajajiuliza swali lake ni lipi.

Pingamizi la pili ni la msafiri. Anapita Kinjumbi mara moja, kesho yuko Kilwa Masoko, keshokutwa amerudi Dar es Salaam. Picha ya pili ataipiga lini? Jibu ni kwamba si lazima aipige yeye. Lazima tu aache ya kwanza katika hali ambayo mwingine ataweza kuirudia, na hapa ndipo utaratibu unapohitajika kuliko kipaji. Ndani ya fremu kiwepo kitu kisichohama: mbuyu, jiwe kubwa, daraja dogo la zege, kona ya shule. Vitu viwili vya namna hiyo ni bora kuliko kimoja, kwa maana vikiwa viwili, kimoja nyuma ya kingine, mtu anayefuata anaweza kusogea kushoto na kulia hadi vikae vilevile, na hapo amesimama mahali pa mwenzake pasipo kipimo chochote. Aandike tarehe na saa, kwa kuwa picha ya saa moja asubuhi haifanani na ya saa kumi hata kama hakuna kilichobadilika. Asitumie uwezo wa simu wa kuvuta mbali na karibu, maana ataurudiaje mwingine? Na amwachie nakala mwalimu wa shule ya msingi au ofisi ya kijiji. Hakuna kati ya haya kinachodai kamera ya gharama.

Faida yake inaonekana wazi tukikumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani na mvua kubwa zikafuata, barabara kuu ilikatika sehemu kadhaa upande wa Somanga na Matandu, na Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Picha zilizosambaa zilikuwa za lami iliyomezwa na maji, na ni haki, kwani malori na mabasi yalikwama hapo. Lakini lami ina kumbukumbu zake: michoro ya wahandisi, mikataba, vipimo vya makalvati. Ikikatika, kuna karatasi ya kuonyesha ilivyokuwa. Kijia kinachopeleka watoto shule kikikatwa na korongo jipya usiku mmoja, hakina faili popote. Mwananchi akienda kulalamika kwamba korongo lilikuwa futi mbili na sasa ni sita, ataulizwa ushahidi, naye hana zaidi ya neno lake. Picha mbili zenye mbuyu uleule nyuma zingemwondolea maelezo mengi.

Pingamizi zito zaidi ni la madhara, na hili sitadai kwamba nimelimaliza. Kijia ni siri ya wenyewe. Kingine kinafika mahali pa mizimu ambapo mgeni hapaswi hata kuelekeza kidole. Kingine kinaingia msitu wa kijiji wenye mpingo, na Kilwa ni wilaya ambayo baadhi ya vijiji vyake vimejijengea jina kwa kuvuna mpingo kwa utaratibu na kuuza kwa cheti cha kimataifa tangu 2009. Picha ya njia ya kuufikia, ikiwa na majira ya mahali yaliyoandikwa kimyakimya na simu ndani ya faili, ni zawadi kwa mwizi. Tena kuna watu: mama anayerudi kisimani hakuja kupamba fremu ya mtu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika mwaka 2023, suala la picha ya mtu anayetambulika halibaki tena kwenye adabu peke yake. Wapo watakaosema kwamba basi kurudia picha kunazidisha kosa. Naona ni kinyume chake kwa sehemu kubwa. Mwenye kupiga mara moja na kuondoka hana sababu ya kujulikana na mtu. Mwenye nia ya kurudi, au ya kumwachia mwingine arudi, analazimika kubisha hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji, kupiga hodi ofisi ya mtendaji, kueleza anachotaka, na hapo ndipo huambiwa: hiki piga, kile acha. Azime kwanza kifaa cha kurekodi mahali. Na vijia anavyokatazwa, aviache bila kununa. Hoja yangu haivihusu, na ni sawa isivihusu.

Linabaki suala la uzuri. Je, tumegeuza matembezi kuwa ukaguzi wa barabara? Mwaka 1967 Richard Long, akiwa mwanafunzi wa sanaa London, alitembea kwenda na kurudi kwenye uwanja wa nyasi hadi mstari ulionyooka ukaonekana, akaupiga picha ya nyeusi na nyeupe, na picha hiyo sasa ni miongoni mwa kazi zinazotajwa sana katika sanaa ya karne iliyopita. Ni picha moja tu, na inatosha. Inatosha kwa sababu njia ile ilitengenezwa kwa ajili ya picha, na mtu mmoja. Haikuwa ikienda kokote. Kijia cha Kinjumbi kinakwenda shambani, zahanati, msikitini na msibani, na uzuri wake unatokana na huko kinakokwenda. Picha mbili za kijia hicho zikiwekwa ubavu kwa ubavu, moja ya Aprili nyasi zikiwa zimekifunika nusu, nyingine ya Septemba kikiwa cheupe juu ya majivu, zina uzuri ambao hakuna hata moja iliyokuwa nao peke yake. Sioni sababu ya kuuita ukaguzi.

Muda wa kusubiri kati ya picha na picha unategemea unachouliza. Ukitaka kujua watu wanavyouzunguka mti ulioangushwa na upepo, wiki moja yatosha, wakati mwingine siku tatu. Pikipiki huchukua msimu wa mavuno mmoja au miwili kukibadilisha kijia cha miguu. Mgogoro wa mkulima na mfugaji kuhusu mapito ya ng'ombe unahitaji picha za kabla na baada ya kijiji kupanga matumizi ya ardhi yake, kama Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inavyoelekeza, na ikiwezekana ziwekwe pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha mpango huo, zikiwa na tarehe na jina la kitongoji nyuma yake. Kwa mahame, acha miaka 30.